Koleo la Kudama na Kipande cha Mundu

Inasimuliwa, na waliosimulia walikuwa watu wa kuchunga ndimi zao, kwamba hapo kale katika bara ya Yemen palikuwa na mji wenye mtaa mzima wa wahunzi. Jina la mji huo limekwishapotea. Ukimsikia mtu analitaja kwa kujiamini, mwulize na jina la mbuzi wa kadhi wa mji huo, uone atakavyobabaika. Kilichobaki ni kisa, na kisa chenyewe ni cha kijana mmoja mhunzi, Kudama bin Asadi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wahunzi wale walikuwa na ada yao. Mmoja wao akifa, moto wa karakana yake huzimwa siku hiyohiyo, na koleo lake hutundikwa kwenye ukuta wa msikiti, lisishikwe tena. Anayetaka kumrithi hana budi kufua koleo lake mwenyewe, tena si kwa chuma cha kununua. Hupita tanuri kwa tanuri akiomba chuma chakavu: huku kiatu cha farasi kilicholika, kule kipande cha shoka, kwingine misumari iliyopinda. Na kila mhunzi anayetoa hutamka: "Nimekupa, na sina dai kwako." Vipande vyote huunganishwa motoni vikawa mwili mmoja, na mwili huo ndio hufuliwa koleo.

Usije ukadhani walikuwa wanampunguzia kijana gharama. Vile vyuma vilikuwa ushahidi. Mtu atakayeshika moto katikati ya majirani, majirani wote wawe radhi naye. Aliyekosa kipande cha hata jirani mmoja, karakana ile haikuwashwa tena.

Basi alipofariki Mzee Nuumani, mwalimu wake Kudama, aliacha mjane, Bi Mayasa, na mabinti wadogo ambao chakula chao chote kilitoka katika karakana ile. Moto usipowaka, ilibidi wafunge virago wakaombe hifadhi kwa jamaa wa mbali waliokuwa hawajapata hata siku moja kuwaulizia hali. Kudama alilijua hilo vizuri. Mikono ya Bi Mayasa ndiyo iliyomlisha tangu alipokuwa hajui kuvukuta mvukuto. Alisema mbele ya jeneza: "Mama, moto huu hautalala."

Na Kudama alikuwa fundi. Hata waliomchukia hawakulikana hilo, ila hawakupata nafasi ya kulisema, kwa sababu yeye alikuwa amekwishalisema kabla yao. Mkono mwepesi, jicho kali. Kilichomponza kilikuwa ulimi, ule usio na mfupa.

Siku moja ya soko, wakati mwalimu wake yungali hai, mkulima alimwendea ameshika jembe alilolinunua kwa Wahbi, mzee ambaye karakana yake ilishikana ukuta na ya Nuumani. Mkulima akauliza, "Fundi, hili jembe unalionaje?" Kudama akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni, akafumba macho kama tabibu anayesikiliza kifua. Watu wakakusanyika. Ndipo aliposema:

"Hili limefuliwa na mtu anayesinzia. Mvua za kwanza halizioni."

Soko likaangua kicheko. Jembe lilikuwa zima, na Kudama alijua ni zima. Alitaka kicheko tu, akakipata, akaenda zake. Lakini neno halikwenda naye. Lilibaki sokoni likazaa. Watoto wakaimba "jembe la kusinzia," wakulima wakawa wakipita mlango wa Wahbi hukohoa na kukoroma kwa mzaha, kisha wakaacha hata kupita. Ulipofika mwaka wa kufa kwa Nuumani, tanuri la Wahbi lilikuwa likiwashwa mara moja moja, na mzee mwenyewe alikuwa akishinda kwenye msala wake. Hakuwahi kumsema Kudama kwa mtu yeyote. Alikuwa akimsalimu, akajibiwa, yakaisha.

Kudama alianza kuomba vipande asubuhi, kapu begani. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mundhiri, mkuu wa wahunzi, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache. Akampa nusu ya nyundo iliyopasuka. "Nimekupa, na sina dai kwako. Lakini punguza kelele, kijana. Chuma kinasikia."

Mwingine akampa bawaba ya mlango, akamwambia, "Sina dai, ingawa ulishawahi kuniambia mke wangu anafua vizuri kuliko mimi."

"Ilikuwa kweli, ami."

"Ndiyo maana sina dai. Ondoka."

Kapu likawa zito, na moyo wa Kudama ukawa mwepesi, mpaka mtaa ulipokaribia kwisha na ukabaki mlango mmoja.

Mlango wa Wahbi ulikuwa wazi. Pembeni ya kizingiti palikuwa na rundo dogo la chuma chakavu, na ndani, katika kiza cha karakana iliyopoa, mzee alikuwa akiswali Dhuha. Kudama akasimama kumsubiri. Alikuwa ameandaa maneno ya kuchekesha, yakamkauka mdomoni. Akayatafuta maneno ya kuomba radhi, hayo hakuyapata kabisa. Hakuwa amezoea kuyatumia. Wahbi akarukuu, akainuka, akasujudu. Sijida ile ikarefuka. Ikarefuka mno.

Kudama akajiambia, *Huyu angenipa tu. Wote wamenipa. Ni kipande cha chuma, jamani, si figo lake.* Akainama akachomoa katika rundo kipande cha mundu uliochakaa. Chuma kikakwaruza jiwe. Akakitia kapuni, akaenda kwa hatua za haraka, na mzee angali uso wake uko ardhini.

Uani kwa Bi Mayasa alichimba tanuri dogo, akafunga mvukuto. Bi Mayasa akaja akachungulia kapuni, akavigusa vipande kimoja kimoja kama mtu anayekagua dagaa. Alipofika kwenye mundu akatulia.

"Huu ni wa Wahbi," alisema. "Mume wangu ndiye aliyemsaidia kuunoa, miaka hiyo. Amekupa kwa mkono wake?"

"Si huo hapo, mama? Kipande chake ndicho hicho."

Bi Mayasa akamtazama. Maneno yale yalikuwa ya kweli, kila moja, na yalipopangwa pamoja yalikuwa uongo. Akaurudisha mundu kapuni taratibu, akaingia ndani.

Sasa, kuna jambo la kufahamu kuhusu kazi hii. Chuma chenye moto hushikwa kwa koleo; na koleo lenyewe lazima lifuliwe kwa chuma chenye moto. Kwa hiyo desturi ilikuwa mwenye kufua koleo la kwanza aende kwa jirani, aseme, "Nishikie." Kudama hakutaka kushikiwa. Alichukua ufito mrefu wa chuma aliopewa na mmoja wa wahunzi, akavifunga vipande kwenye ncha yake kwa waya, akawa anashika upande wa baridi kwa mkono wake mwenyewe. Wahunzi wawili watatu walichungulia ukutani.

"Tukushikie, bin Asadi?"

"Shikeni ndevu zenu zisiungue. Mimi hapa natosha."

Na kweli alitosha. Alinyunyiza mchanga mweupe, akavukuta hadi vipande vikatoa jasho na kung'aa kama jua la saa sita, akavipiga kwa mapigo mepesi ya haraka, vikashikana. Kiatu cha farasi kikamezwa na shoka, bawaba ikapotelea ndani ya nyundo. Akakirefusha kile chuma, akatengeneza taya, akapinda shingo, akavuta mkono, akakata. Akafua nusu ya pili ikawa pacha wa ya kwanza. Maana nusu za koleo si kiatu cha kulia na cha kushoto. Zote hupindwa upande uleule, kisha zikigeuziana nyuso ndipo zinapokamatana. Asiyelijua hilo hufua nusu mbili nzuri zisizofunga hata zikiapishwa. Akatoboa tundu, akapitisha msumari wa kati, akaupiga kichwa pande zote mbili. Koleo likafunguka na kufunga bila sauti. Lilikuwa zuri. Alilitazama kwa muda mrefu akingoja furaha, na furaha haikuja.

Ijumaa baada ya Alasiri mtaa mzima ulijipanga kwa safu, kila mhunzi mbele ya mlango wake. Hivi ndivyo ada ilivyohitimishwa: mkuu wa wahunzi huchota kaa la moto katika tanuri lake kwa koleo jipya, na koleo lile na kaa lake hupita mkono kwa mkono, mlango kwa mlango, hadi kumfikia kijana, naye akawashe nalo tanuri lililozimwa. Kwa kuwa Wahbi alishikana ukuta na Nuumani, mkono wa mwisho katika safu ulikuwa wake.

Bi Mayasa alisimama mlangoni pa karakana na binti zake, kuni zimekwishapangwa ndani.

Mundhiri akaanza kuuliza, kwa ada, safu nzima. "Umempa?"

"Nimempa, na sina dai."

"Umempa?"

"Nimempa, na sina dai."

Sauti zikawa zikija kama nyundo, moja baada ya nyingine, na Kudama alikuwa akiihesabu milango iliyobaki. Wahbi alikuwa ameegemea fimbo. Mzee angesema nini? Akisema "sikumpa," mambo yameisha, na virago vya Bi Mayasa vitabebwa mgongoni hadi kwa jamaa wasioulizia hali.

"Wahbi," aliita Mundhiri. "Umempa?"

Wahbi akainua uso. Kisha akasema, "Kipande changu kimo."

Mundhiri akaridhika. Watu wakashusha pumzi. Kudama peke yake ndiye aliyesikia kwamba mzee hakusema "nimempa." Akajua kwamba Wahbi alijua. Mtu aliyesujudu hazibi masikio yake. Alisikia chuma kikikwaruza jiwe, akabaki kwenye sijida yake ili mwizi aondoke bila kuonana naye uso kwa uso. Na sasa, mbele ya mji mzima, amemsitiri tena.

Lile lilikuwa kubwa kuliko kuumbuliwa. Angeumbuliwa, angejitetea. Angetukana hata. Lakini mtu uliyemvunja anapokufunika kwa nguo yake mwenyewe, unasema nini?

Kaa likaanza safari. Mkono hadi mkono, koleo likafunguka na kufunga, jekundu likipita mchana kweupe, na kila aliyelipokea akilisifu. "Mashallah, kazi hii!" Likamfikia Wahbi. Mzee akaacha fimbo ikaanguka, akalishika koleo kwa mikono miwili. Akapiga hatua zake za taratibu hadi mbele ya Kudama, akalinyoosha.

"Bismillahi, mwanangu. Pokea."

Mikono ya Kudama haikuinuka.

"Pokea, bwana!" mmoja akapaza sauti. "Kaa linapoa!"

"Amepigwa na butwaa kwa uzuri wake mwenyewe," mwingine akasema, wakacheka.

Kudama akamtazama Bi Mayasa pale mlangoni. Mama yule aliona kila kitu katika uso wake, naye akafanya jambo moja tu: akawavuta binti zake kando ya mlango, njia ikawa wazi. Ni kama alimwambia, *Tusiwe sisi kisingizio chako.*

"Sikupewa," alisema Kudama.

Kicheko kikakatika.

"Kipande cha mzee Wahbi sikupewa. Nilikichukua akiwa kwenye sijida. Na sikumwomba kwa sababu nilijua ana dai juu yangu, na nililijua dai lenyewe. Jembe lake lilikuwa zima. Nililigonga nikasikia ni zima, nikasema linasinzia, ili nyinyi mcheke. Mkacheka."

Kaa mikononi mwa Wahbi likafifia, likavaa jivu jeupe, likawa jeusi. Kudama akalichukua koleo, akaliweka juu ya jiwe la kizingiti, akaomba tindo na nyundo. Akakikata kichwa cha msumari wa kati. Nusu mbili zikaachana kwa mlio mdogo ambao waliokuwepo walisema baadaye hawakuusahau.

Mundhiri akasema, "Tanuri halitawaka leo." Akageuka akaenda, na safu ikavunjika.

Wahbi akabaki. Akaiokota fimbo yake. "Ule mundu," alisema, "niliposikia umeondoka, nilisema kabla sijainua kichwa: Ee Mola, aliyeuchukua, ni halali yake. Kwa hiyo niliposema kimo, sikusema uongo. Swala yangu nisingeiharibu kwa kipande cha kutu."

"Basi umenisamehe, ami?"

"Mundu, ndiyo. Jembe, bado." Mzee alisema bila hasira. "Mundu ulinichukulia mimi na wewe tukiwa wawili, nikausamehe tukiwa wawili. Jembe ulinichukulia sokoni. Mimi nikikusamehe hapa mlangoni, sokoni watajuaje?"

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Hukuniuliza ulipokuwa unalivunja jina langu."

Siku ya soko ilipofika, Kudama aliingia kati ya watu na jembe la Wahbi begani, lilelile ambalo mkulima alilirudisha kwa mzee, likakaa bila mnunuzi mpaka mpini wake ukala vumbi. Akapanda juu ya jiwe alilozoea kusimama akitaka kuchekesha. Watu wakasogea, meno yamekwishatoka nje kwa kutarajia.

"Mnakumbuka nilisema nani alikuwa anasinzia?"

"Wahbi!" wakaitikia kwa shangwe.

"Niliyesinzia ni mimi. Jembe hili halina kasoro, na nilijua halina. Nilisema uongo."

Wakacheka kuliko siku ya kwanza. Walidhani ni mzaha mwingine, tena mtamu zaidi. Mmoja akajigaragaza. Kudama akangoja wanyamaze, hawakunyamaza. Basi akashuka, akaenda pembezoni mwa soko mahali palipokanyagwa na ngamia hadi pakawa kama sakafu, akaanza kulima. Alilima jua likipanda. Wakamfuata wakikoroma, wakaimba wimbo wa watoto. Akalima. Jembe likagonga mawe, likatoa cheche, halikupinda. Taratibu nyimbo zikapungua, maana kumcheka mtu asiyejibu kunachosha. Mwisho akabaki mwanamke mmoja wa shamba mwenye mzigo wa mtama, aliyekuwa akitazama jembe wala si mtu.

"Wewe mpumbavu," alimwambia, "umemaliza? Nataka kulishika."

Akaligonga, akalipima uzito, akaona makali yake. Akauliza nyumba ya Wahbi iko wapi.

Kudama alirudi jioni viganja vimechubuka, akaketi uani mbele ya tanuri alilolichimba. Nusu mbili za koleo zilikuwa pale. Kipande cha mundu hakikuwa tena wizi, dai la jembe alikwishalilipa sokoni, lakini msumari ulikuwa umekatwa na matundu yameharibika. Ilibidi taya zirudishwe motoni, zipigwe upya. Na sasa hapakuwa na ufito mrefu wa kushika upande wa baridi. Alikwishaukata. Vilikuwa vipande vifupi, ambavyo mkono wa mwanadamu hauwezi kuvishika vikiwa na moto.

Akainuka. Akaenda hadi mlango wa jirani, akasimama kizingitini. Mzee alikuwa ndani, mbele ya tanuri lake, akipekua mkaa kwa ajili ya kazi ya kesho.

Kudama akasema neno ambalo hakuwahi kulisema katika maisha yake yote ya uhunzi.

"Ami, nishikie."

Wahbi alijipangusa mikono kwa taratibu, akanyoosha mkono ukutani, akaliangua koleo lake la zamani, jeusi, lililolika mikono hadi likawa na umbo la vidole vyake. Akatoka nalo.

"Vukuta," alisema.

Wapokezi wanasema Wahbi alitamka kwamba hana dai, Mundhiri akalikubali koleo lile, na kaa likapita safu upya, na safari hii halikufika jeusi. Sokoni walikuwepo waliozidi kusema "jembe la kusinzia" mpaka wakazeeka, kwa kuwa neno likishatoka halina mkia wa kulikamatia. Na Kudama alikuwa akiondoka kila aliposikia, akaenda pale kwa msemaji kumsahihisha, hadi alipokufa. Koleo lake nalo likatundikwa ukutani.

Basi ewe ndugu yangu mwenye ulimi mtamu, wewe uliyekuwa ukijisemea hapo kwamba kisa hiki kinamfaa jirani yako: haki ya Mola wako utaiomba kwenye msala, naye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja utaifuata ilipo, na kama uliiacha sokoni, vaa viatu. Na usiseme unajitosha. Hata koleo, lililoumbwa kushika, kabla halijashika kitu lilishikwa kwanza. Mola atujaalie majirani wa kutushikia, na atupe sisi uso wa kuwaomba.